Walioanguka na Kurudi: Historia Fupi ya Mlango wa Toba Kanisani



Kamati ya Yubile iliponiagiza niandae orodha ya waimbaji wote waliohudumu katika kwaya yetu kwa miaka hii 50, nilidhani ni kazi ya juma moja. Nilikusanya rejista zote, kuanzia daftari la kwanza ambalo mchwa wamekwisha kula pembe zake, nikaanza kunakili majina. Nilipofika katikati nikakwama. Kuna majina yaliyopigwa mstari kwa kalamu nyekundu. Kando ya mengine mtu ameandika "amehama" au "amelala katika Bwana". Kando ya machache limeandikwa neno moja tu: "Ameanguka." Matatu kati ya hayo niliyapiga mstari kwa mkono wangu mwenyewe.

Mmoja wao alikuwa mwimbaji wa besi. Mtoto wake aliugua muda mrefu, na usiku mmoja akampeleka kwa mganga, akarudi na hirizi. Habari zikafika kwenye kamati. Mimi, nikiwa katibu mpya, niliandika barua ya kumsimamisha "hadi atakapotubu". Barua ile haikusema atubu mbele ya nani, wala nani atamfuata nyumbani kumwombea. Baada ya miezi michache alikuja ibadani, akakaa kiti cha nyuma karibu na mlango. Ibada ilipokwisha tulipita mbele yake tukiwa na sare zetu, tukaenda mazoezini. Hakuja tena.

Basi kamati ikaulizana: je, majina hayo yachapishwe katika kijitabu cha Yubile au yaachwe? Wengine walisema kuyachapisha ni kudharau nidhamu. Wengine walisema kuyaacha ni kusema uongo juu ya historia yetu. Kwa kuwa nafundisha elimu ya dini na historia, niliombwa nieleze jinsi kanisa la kwanza lilivyolitatua jambo kama hili. Nayaandika haya kwa faida yetu sote.

Mtume aliyemkana Bwana

Historia hii inaanza na Petro. Injili zote nne zinasimulia kwamba alimkana Yesu mara tatu usiku ule aliokamatwa. Yohana anaongeza jambo ambalo ni rahisi kulipita tukisoma haraka. Petro alimkana Bwana akiwa anaota moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu (Yohana 18). Baada ya kufufuka, Yesu alimngoja ufuoni mwa bahari ya Tiberia, na hapo pia palikuwa na moto wa makaa (Yohana 21). Mara tatu alimkana. Mara tatu aliulizwa kama anampenda Bwana, na kila alipojibu alipewa kazi ya kuchunga kondoo. Kosa lake halikufichwa. Liliguswa mahali penyewe lilipouma, kisha akarudishiwa utumishi wake.

Lakini Petro alikuwa mtu mmoja, na aliyemrudisha ni Bwana mwenyewe. Kanisa lingefanya nini siku ambayo walioanguka ni maelfu?

Mwaka wa vyeti

Siku hiyo ilifika. Mwaka 249 Decius alitawazwa kuwa mfalme wa dola ya Rumi. Dola ilikuwa na vita mipakani, naye aliona dawa ni watu wote kurudi kwa miungu ya mababu. Akatoa amri kwamba kila mtu atoe sadaka kwa miungu, amimine kinywaji na kuonja nyama ya sadaka, mbele ya wasimamizi waliowekwa kila mji. Aliyefanya hivyo alipewa cheti. Vyeti zaidi ya 40 vimepatikana katika mchanga wa Misri, vimeandikwa kwenye mafunjo, vingi vikiwa vya mwezi wa Juni na Julai mwaka 250. Vinafanana kama fomu za ofisini: jina la mtu, kijiji chake, tamko kwamba ametoa sadaka, kisha sahihi za mashahidi.

Fabian, askofu wa Rumi, alikufa Januari mwaka 250 katika mateso hayo. Wengine walifungwa, wakapigwa, wakanyimwa chakula na maji. Lakini wengi walianguka. Huko Carthage, mji uliokuwa karibu na Tunis ya leo, askofu Cyprian aliandika kwa uchungu kwamba watu walikimbilia sokoni kutoa sadaka hata kabla ya kukamatwa. Jioni ilipofika na maofisa wakataka kufunga kazi, kuna waliowasihi wasiwaahirishe hadi kesho. Wazazi walibeba hata watoto wachanga.

Hawakuanguka wote kwa namna moja. Kuna waliotoa sadaka kamili, na kuna waliochoma ubani kidogo tu. Wengine hawakufanya lolote kati ya hayo, ila walitoa hongo wakanunua cheti, wakajiambia kwamba mikono yao ni safi. Kuna waliovumilia mateso hadi mwili ukashindwa. Na kuna mwanamke mmoja aliyeitwa Bona, ambaye mumewe alimburuta hadi madhabahuni, wakamshika mkono kwa nguvu ili aonekane ametoa sadaka. Alipaza sauti kwamba hakufanya yeye, wamefanya wao. Akapelekwa uhamishoni.

Cyprian mwenyewe hakuwa na usalama wa kunyoosha kidole. Mateso yalipoanza alijificha nje ya mji, akaliongoza kanisa kwa barua. Wako waliosema amekimbia kundi.

Njia mbili za mkato

Mateso yalipopungua, walioanguka walibisha mlango. Wengi walikuwa wakilia. Hapo kanisa likavutwa pande mbili.

Upande mmoja walisema wafunguliwe mara moja. Wakristo waliokuwa gerezani kwa ajili ya imani waliheshimiwa sana, na baadhi yao walianza kuwaandikia walioanguka barua za amani ili wapokewe Mezani. Barua nyingine hazikutaja hata majina. Zilisema apokewe fulani pamoja na watu wake. Aliyekuwa amenunua cheti cha kumkana Kristo sasa alitaka kurudi kwa cheti kingine, bila machozi wala maswali. Cyprian alikataa. Alisema jeraha lililofunikwa kabla ya kusafishwa litaoza ndani.

Upande wa pili alisimama Novatian, kasisi msomi wa Rumi. Yeye alisema walioanguka watubu hadi kufa, na Mungu akipenda atawasamehe, lakini kanisa lisiwapokee tena. Cornelius alipochaguliwa kuwa askofu wa Rumi mwaka 251, wafuasi wa Novatian walimfanya Novatian askofu wa kushindana naye, wakaanzisha kanisa lao. Walijiita Walio Safi, na kanisa hilo lilidumu kwa mamia ya miaka.

Katika chemchemi ya mwaka 251 Cyprian alirudi Carthage, na maaskofu wakakutana. Uamuzi wao ulikuwa wa kichungaji. Kila mtu asikilizwe peke yake: alifanya nini, kwa nini, na baadaye aliishi vipi. Walionunua vyeti wapokewe baada ya kuchunguzwa. Waliotoa sadaka wakae katika toba ya muda mrefu, na wakikaribia kufa wasinyimwe amani. Viongozi walioanguka wakitubu warudi kama waumini wa kawaida, wasirudie uongozi. Askofu mmoja, Trofimus, alikuwa amefukiza ubani pamoja na watu wake. Aliporudi kwa unyenyekevu, akiwaleta pia wale aliowapotosha, Cornelius alimpokea kama mlei.

Mwaka mmoja au miwili baadaye dalili za mateso mapya zilionekana. Maaskofu wa Afrika walikutana tena, wakaamua kwamba wote waliokuwa wamedumu katika toba wapokewe sasa, bila kungoja kitanda cha mauti. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: ukimwita mtu amwage damu yake kwa ajili ya Kristo, utamnyimaje kikombe cha Kristo? Cyprian alikuwa amekwisha kuwakumbusha watu habari za Castus na Aemilius, walioshindwa katika mateso ya kwanza, kisha wakasimama imara mara ya pili hadi wakateketezwa kwa moto. Naye Cyprian, aliyesemwa kuwa mkimbizi, alikatwa kichwa Carthage tarehe 14 Septemba mwaka 258, akikataa kutoa sadaka.

Mzee Serapion

Kati ya yote niliyosoma, kisa kilichonigusa zaidi ni cha Misri. Dionysius, askofu wa Alexandria, alikisimulia katika barua kwa askofu wa Antiokia aliyekuwa akivutwa na msimamo wa Novatian.

Palikuwa na mzee aliyeitwa Serapion. Aliishi vizuri maisha yake yote, lakini wakati wa mateso alitoa sadaka. Aliomba kupokewa tena mara nyingi, wala hakuna aliyemsikiliza. Akaugua, akalala siku tatu bila kusema wala kujitambua. Siku ya nne alipata nafuu kidogo, akamwita mjukuu wake, akamsihi akamwite kasisi haraka. Ilikuwa usiku, na kasisi naye alikuwa mgonjwa. Lakini Dionysius alikuwa ameagiza kwamba wanaokufa wakiomba amani wapewe. Basi kasisi akampa mtoto kipande kidogo cha mkate wa Meza ya Bwana, akamwambia akiloweshe na kumdondoshea mzee kinywani. Mtoto akakimbia nacho nyumbani, akafanya kama alivyoagizwa. Mzee akameza, akakata roho kwa amani.

Dionysius aliona kwamba Mungu alimhifadhi mzee yule hadi apokewe. Mimi nafikiri pia juu ya miezi ile yote kabla ya siku ya nne, alipoomba na hakuna aliyemsikiliza. Mlango ulikuwapo, ila hapakuwa na mtu wa kuufungua.

Rejista yetu

Wazee wetu wanaokumbuka uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukaenea hadi kwetu Kenya, wanajua kwamba jambo hili si geni. Katika ushirika ule mtu alisimama akaungama, na ndugu wakamshika mkono palepale. Sisi tumehifadhi vizuri kalamu nyekundu. Njia ya kurudi hatukuiandika popote.

Historia haitufundishi kufuta nidhamu. Kwenda kwa mganga ni kumwacha Kristo, na kusema si kitu ni kumdanganya anayetaka kupona. Kosa letu ni kwamba tulimhukumu ndugu yetu bila kumsikiliza, tukamwachia njia nzima ya kurudi aitembee peke yake. Tulimtenga kama Cyprian, tukamsahau kama Novatian.

Kabla ya kijitabu hiki kwenda kwa mpiga chapa, nilikwenda kumwona. Ameniruhusu niandike haya bila jina lake. Nilimwomba msamaha kwa barua ile na kwa Jumapili ile. Alinyamaza kwa muda, kisha akaniambia kwamba hirizi aliichoma mwezi uleule, peke yake, nyuma ya jikoni, akilia. Alikuja kanisani siku ile ili aseme. Hakuna aliyemuuliza. Mchungaji amekwisha kumtembelea, na mazungumzo yao yanaendelea. Nilipoaga aliniuliza kama mazoezi bado ni Jumamosi saa nane.

Wapendwa, Mambo ya Walawi 25 inasema mwaka wa yubile ni mwaka wa kila mtu kurudi kwa jamaa yake na kwenye milki yake. Kwa hiyo kamati, baada ya maombi, imeamua mambo mawili. Kwanza, kuanzia sasa hakuna jina litakalopigwa mstari kabla ya mwenye jina kusikilizwa, na kila anayesimamishwa atapewa ndugu wawili wa kumtembelea na kumwombea hadi atakaporudi. Pili, katika kurasa za mwisho za kijitabu hiki mtakuta orodha ya waimbaji wetu wote wa miaka 50, kwa alfabeti. Hakuna alama kando ya jina lolote.

Ukiona jina la unayemfahamu, na hujamwona kanisani siku nyingi, tafadhali mpelekee nakala.

Wenu katika utumishi,
Katibu wa Kwaya