Wino wa printa: Si kila chupa nyeusi inafaa kujaza katriji

MKATABA wa mauziano ya shamba uliochapwa Kayanga asubuhi waweza kufika Nkwenda jioni ukiwa hausomeki, iwapo aliyeubeba amenyeshewa njiani akiwa juu ya pikipiki. Lawama hutupiwa mvua au karatasi, ilhali mara nyingi chanzo ni wino uliojazwa katika katriji ya printa.

Katika Wilaya ya Karagwe na ile ya Kyerwa, iliyomegwa kutoka humo mwaka 2012, mvua hunyesha kwa misimu miwili kwa mwaka. Hati zinazochapwa kwenye maduka ya steshenari husafiri hadi ofisi za vijiji na kata, vyama vya msingi vya kahawa na hata mahakamani. Mwenye duka naye hutafuta nafuu kwa kujaza katriji iliyokwisha badala ya kununua mpya. Kujaza si kosa; kosa ni kujaza wino wowote unaopatikana.

Wino wa printa za majimaji uko wa aina kuu mbili. Wa kwanza ni ule ambao rangi yake imeyeyuka kabisa, kama sukari ndani ya chai. Huo hutoa picha zenye mng'ao, lakini hunywewa na karatasi na huchuruzika ukiguswa na maji. Wa pili ni wa chembechembe, ambao mafundi huuita pigmenti. Chembe zake, zenye kipenyo cha takriban sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, haziyeyuki bali huelea, na wino ukikauka hubaki juu ya karatasi. Maandishi yake hustahimili maji na mwanga kwa muda mrefu zaidi.

Kwa msingi huo, yapo makundi ya printa yanayotofautiana. Katriji nyeusi ya HP 21 ilitengenezwa kwa wino wa chembechembe, wakati mwenzake ya rangi, HP 22, hutumia wino ulioyeyuka. Canon imerahisisha mambo: herufi PG katika jina la katriji humaanisha pigmenti, na CL ni ya rangi. Kwa printa za matangi, wino mweusi wa HP GT51 na ule wa Canon GI-490 ni wa chembechembe, lakini Epson 664, unaotumika katika printa kama L110 na L210, ni wa kuyeyuka hata ule mweusi.

Hapo ndipo wengi hukosea. Mtu husikia kwamba pigmenti haichuruziki, akaimimina kwenye tangi la Epson lisilokusudiwa wino huo. Chembe zaweza kuganda katika vitundu vya kichwa cha kuchapia, ambavyo ni vyembamba kuliko unywele. Katika HP 21 na Canon PG, kichwa kimo ndani ya katriji yenyewe, hivyo hasara huishia kwenye katriji. Katika Epson kimefungwa ndani ya mashine, na kukibadilisha kwaweza kugharimu karibu sawa na printa nzima.

Mwenye printa ya namna hiyo ana njia nyepesi zaidi: kuchapa hati, kisha kumpa mteja nakala ya mashine ya fotokopi, kwa kuwa wino wa unga huyeyushwa kwa joto na kushikamana na karatasi. Sahihi iwekwe kwa kalamu ya bolpeni.

Chupa isiyojulikana hupimwa kwa urahisi. Chapa mistari michache, iache ikauke kwa saa moja, kisha idondoshee maji. Ikichuruzika, wino ni wa kuyeyuka. Chupa iliyoandikwa kwamba inafaa printa zote itiliwe shaka, maana hakuna wino mmoja unaoweza kutosheleza mahitaji hayo yote. Wino wa kuchapia vikombe na fulana usitiwe kabisa katika printa ya hati.

Printa za HP na Canon zilizotajwa huchemsha wino kwa nukta ya muda mfupi mno hadi utoe povu linalosukuma tone. Wino huohuo ndio unaopoza kichwa. Kwa hiyo katriji ijazwe kabla haijakauka kabisa, taratibu kwa bomba la sindano, bila kuingiza hewa wala kufurisha sifongo hadi kuvuja. Chupa ya pigmenti itikiswe polepole kwanza, kwa sababu chembe hutuama chini.

Anayebadili aina ya wino asiongeze juu ya ule wa zamani. Aina hizo mbili zikikutana zaweza kugandana kama maziwa yaliyochacha, na hapo maji ya kusafishia hayasaidii tena.