WATU 7 WALIOWAPIGA CHINI AIRBNB

Wadau, Airbnb leo mnaiona kampuni kubwa, ila 2007 jamaa walikuwa wanahangaika na kodi kama sisi tu. Brian Chesky na Joe Gebbia, San Francisco, kodi imepanda na mfukoni hakuna kitu. Mjini kukawa na mkutano wa wabunifu, hoteli zikajaa. Wakajaza upepo magodoro matatu, wakapangisha kwao. Wageni watatu wakaja, wakalipa.

2008 Nathan Blecharczyk, mtu wa kompyuta, akaungana nao. Juni wakatambulishwa kwa wawekezaji 7, wakiomba dola 150,000 kwa asilimia 10 ya kampuni. Watano wakakataa, wawili hata kujibu hawakujibu. Mmoja akasema soko lenyewe dogo. Na hawa sio watu wa kijiweni jamani, ni wazoefu wa hela.

Njaa ikazidi. Wakauza maboksi ya nafaka za kifungua kinywa yenye katuni za Obama na McCain, dola 40 boksi moja, wakapata kama dola 30,000. (Mimi hapo ningeshapeleka CV mahali.)

Mwanzoni mwa 2009 wakaingia Y Combinator ya Paul Graham. Naye wazo lao hakulipenda kabisa! Aliwachukua kwa sababu ya ule ubishi wa maboksi. Lakini yeye hakukaa kuwatabiria. Aliwauliza wateja wenu wako wapi? New York. Sasa nyie mnafanya nini huku California?

Wakapanda ndege, wakawa wanagonga mlango kwa mlango. Kumbe picha za vyumba zilikuwa mbovu, zimepigwa na simu za wakati ule. Wakakodi kamera, wakapiga wenyewe. Mapato ya wiki yakatoka dola 200 hadi 400. Hela ndogo, ila ndo mara ya kwanza namba zilisogea.

Kiukweli hii stori imenigusa. Kuna mshkaji aliniomba ushauri wa biashara yake, nikamwambia haitalipa. Wateja wake sikuwahi kumuuliza. Na mimi sijawahi kuuza hata karanga.

2015 Chesky akaziweka hadharani zile barua pepe za kukataliwa. Majina ya wawekezaji akayaficha, na akasema walikuwa watu wenye akili.