Ruta ya nyumbani: Namna ya kuzipa mashine majina yasiyotegemea intaneti

MKAZI wa Kondele akimwambia mwendeshaji bodaboda ampeleke 'Russia', hatapelekwa ng'ambo. Atashushwa langoni pa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, kando ya barabara ya kwenda Kakamega, iliyojengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti. Jina hilo silo rasmi, lakini jijini Kisumu halihitaji maelezo. Nje ya Kisumu lina maana nyingine kabisa.

Tarakilishi nazo zaweza kupewa majina ya aina hiyo: majina yanayofahamika ndani ya nyumba, duka, shule au zahanati moja tu. Kazi ya kuyatunza hufanywa na ruta, kile kisanduku kinachogawa intaneti kwa njia ya Wi-Fi.

Asili ya majina

Mashine hutambuana kwa nambari zinazoitwa anwani za IP, si kwa majina. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, majina ya mashine za ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, yaliorodheshwa katika faili moja iliyoitwa HOSTS.TXT. Faili hiyo ilitunzwa katika Taasisi ya Utafiti ya Stanford, California, na kila kituo kilikuwa na wajibu wa kuinakili.

Mtandao ulipopanuka, orodha hiyo ililemewa. Mwaka wa 1983, Mmarekani Paul Mockapetris alibuni DNS, mfumo unaoigawa kazi hiyo kwa seva nyingi ulimwenguni. Majina yanayoishia kwa .ke, kwa mfano, husimamiwa na shirika la KENIC.

Kuweka rekodi ya jina katika ruta ni sawa na kuirejesha orodha ile ya kale, ila sasa ni ya boma moja.

Faida yake

Chukua mfano wa zahanati ndogo mtaani iliyo na tarakilishi moja inayohifadhi rekodi za wagonjwa, printa moja na simu kadhaa za wahudumu. Ili kuzifikia rekodi hizo, mhudumu huandika nambari kama 192.168.1.50 katika kivinjari. Umeme ukipotea na kurejea, ruta yaweza kugawa nambari upya, na tarakilishi hiyo ikapata nambari nyingine. Mhudumu akiandika ile ya jana hapati jibu, na mgonjwa huendelea kungoja kwenye benchi. Jina halina matatizo hayo.

Faida ya pili hudhihirika intaneti inapoyumba. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom ziliharibika, na huduma za intaneti zikazorota nchini Kenya na katika mataifa jirani. Katika hali kama hiyo, mashine zilizo katika jengo moja zaweza kuendelea kuwasiliana, kwa kuwa swali kuhusu jina hujibiwa na ruta iliyo pale pale. Kinachohitajika ni umeme, na ruta ndogo yaweza kuendeshwa kwa betri ya akiba.

Hatua za kufuata

Kwanza, unganisha tarakilishi na ruta, kisha uandike anwani ya ruta katika kivinjari. Mara nyingi huwa 192.168.1.1, 192.168.0.1 au 192.168.100.1. Kibandiko kilicho chini ya ruta kwa kawaida huonyesha anwani hiyo pamoja na nenosiri la kuanzia.

Pili, itengee mashine husika nambari isiyobadilika. Tafuta ukurasa wa DHCP, yaani huduma inayogawa nambari. Hapo utaombwa anwani ya MAC, alama 12 zinazoitambulisha mashine hiyo, pamoja na nambari unayotaka ipewe daima. Baada ya kuhifadhi, izime mashine na kuiwasha tena ili ichukue nambari hiyo.

Tatu, nenda kwenye ukurasa wa DNS na uongeze rekodi mpya. Upande mmoja andika jina, mathalani rekodi.home.arpa, na upande wa pili 192.168.1.50. Hifadhi.

Nne, hakikisha kwamba vifaa vyote vinaelekezwa kuuliza ruta yenyewe. Katika ukurasa wa DHCP, nafasi ya seva ya DNS yapaswa kuwa na anwani ya ruta. Ikiwa hapo pameandikwa 8.8.8.8, ambayo ni huduma ya kampuni ya Google, maswali yote yatakwenda nje, ambako jina lako halijulikani. Usiiandike hata kama seva ya pili, kwa kuwa baadhi ya vifaa vitauliza huku na vingine kule, na jina litapatikana leo na kukosekana kesho.

Mwisho, jaribu. Katika tarakilishi, fungua dirisha la amri na uandike nslookup rekodi.home.arpa. Jibu likiwa nambari uliyoiweka, kazi imekamilika.

Uteuzi wa jina

Usitumie jina la tovuti iliyopo, kwa maana utawafungia watu wako njia ya kuifikia tovuti hiyo. Aidha, epuka majina yanayoishia kwa .local, ambayo tangu 2013 yametengewa utaratibu mwingine wa mashine kuulizana zenyewe bila seva. Salama zaidi ni home.arpa, iliyotengwa mwaka wa 2018 kwa matumizi ya nyumbani, au .internal, ambayo shirika la kimataifa la ICANN liliitenga mwaka wa 2024 kwa mitandao ya kibinafsi.

Vikwazo

Baadhi ya ruta zinazotolewa na kampuni za intaneti hazina nafasi ya kuongeza majina. Hapo kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuandika jina na nambari katika faili ya hosts ya kila tarakilishi, njia inayofaa mashine chache lakini ngumu kwa simu. Ya pili ni kutumia ruta nyingine inayoendeshwa kwa programu huria ya OpenWrt, au kompyuta ndogo ya Raspberry Pi yenye programu ya Pi-hole.

Simu iliyowekewa huduma ya DNS ya faragha, au kivinjari kinachotuma maswali yake kwa njia ya siri, hairuki nje ya utaratibu huu tu bali huipita ruta kabisa. Zima mpangilio huo kwanza iwapo jina linapatikana kwenye kifaa kimoja na kukosekana kwenye kingine.

Usalama

Anayemiliki DNS ndiye anayeamua jina linaelekea wapi. Kati ya 2007 na 2011, programu haribifu iliyoitwa DNSChanger ilizivamia tarakilishi zipatazo milioni 4 duniani na kuzielekeza kwa seva za walaghai, kabla ya shirika la upelelezi la Marekani, FBI, kuuvunja mtandao huo Novemba 2011. Mlaghai akiiteka ruta, aweza kumpeleka mteja kwenye ukurasa bandia wa benki huku jina likionekana kuwa lile lile.

Kwa sababu hiyo, badilisha nenosiri la ruta kabla ya jambo jingine lolote, na uwatengee wageni Wi-Fi yao. Ikumbukwe pia kwamba jina si kufuli. Kila aliyeunganishwa na mtandao huo aweza kuifikia mashine, hivyo rekodi zenyewe zapaswa kuwa na nenosiri lake. Kwa zahanati na shule hilo ni suala la kisheria, kwani Sheria ya Kulinda Data ya 2019 humtaka anayehifadhi taarifa za watu azilinde.