Kukua na Kupevuka: Wakati wa Shujaa Kijana katika Katuni za Spider-Man, 1962–2011

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna watunzi wa katuni za Spider-Man walivyoyafikiria na kuyaandika makuzi ya mhusika Peter Parker tangu mwaka 1962 hadi 2011. Inajengwa juu ya tofauti iliyomo katika msamiati wa Kiswahili baina ya kukua, yaani kuongezeka umri, na kupevuka, yaani kukomaa kimaadili. Makala inadai kwamba mfululizo usiokusudiwa kuisha humruhusu shujaa kupevuka lakini humzuia kukua, na kwamba pengo linalobaki limezibwa mara kwa mara kwa maisha ya mhusika mwingine.

1.0 Utangulizi

Mtoto hukua kwa kupita kwa miaka. Hupevuka anapoanza kubeba matokeo ya matendo yake. Katika maisha ya kawaida mambo haya mawili hutarajiwa kwenda pamoja, ingawa kila jamii inawajua watu wazima wasiopevuka na watoto waliopevushwa mapema na dhiki. Riwaya ya makuzi, ambayo mfano wake mashuhuri ni ile ya Goethe kuhusu Wilhelm Meister (1795–1796), huyaunganisha: mhusika huongezeka umri, hukosea, hujifunza, na hatimaye hupata nafasi yake katika jamii. Muungano huo huwezekana kwa sababu riwaya ina ukurasa wa mwisho. Mikhail Bakhtin aliitofautisha riwaya ya namna hiyo na masimulizi ya kale ya Kiyunani, ambamo wapendanao hutenganishwa, hupitia misukosuko isiyo na idadi, kisha hukutana tena wakiwa na ujana uleule waliokuwa nao mwanzoni.

Katuni za mashujaa wa Marekani zilirithi wakati wa aina hii ya pili. Superman, aliyechapishwa mara ya kwanza mwaka 1938, hakuzeeka. Robin, msaidizi mtoto wa Batman, alianza mwaka 1940 na hakupelekwa chuo kikuu hadi mwaka 1969. Katika insha yake ya mwaka 1962 kuhusu Superman, Umberto Eco alilieleza tatizo hili kwa kina. Kwa maoni yake, kila tendo lenye matokeo ya kudumu humsogeza mhusika hatua moja kuelekea kifo. Hata ndoa ni hatua ya namna hiyo. Kwa kuwa shujaa wa mfululizo lazima awepo juma lijalo, watunzi huufanya wakati wake uwe na ukungu, ili msomaji asijue kisa kipi kilitangulia na kipi kilifuata.

Mwaka uleule, jijini New York, Stan Lee na mchoraji Steve Ditko walimleta mhusika aliyeonekana kuivunja kanuni hiyo. Makala hii inafuatilia historia ya jaribio hilo kwa kuangalia maamuzi ya watunzi waliofuatana.

2.0 Kurasa kumi na moja za mwaka 1962

Hadithi ya kwanza ya Spider-Man ilitoka katika toleo la 15 la *Amazing Fantasy*, lenye tarehe ya Agosti 1962. Ina kurasa 11 tu. Kwa mujibu wa masimulizi ya Lee mwenyewe, mchapishaji wake, Martin Goodman, alilipinga wazo hilo: watu huwachukia buibui, na kijana anafaa kuwa msaidizi wa shujaa, si shujaa mwenyewe. Pingamizi hilo la pili ndilo lenye uzito wa kifasihi. Msaidizi kijana huwa na mtu mzima wa kumwajibikia. Akikosea, kosa lake hurekebishwa na mwingine. Kumwondolea kijana mkubwa wake ni kuliacha kosa mikononi mwake.

Ndivyo hadithi ilivyosukwa. Peter Parker, mwanafunzi wa sekondari anayelelewa na amu yake Ben na mke wa Ben, May, anapata nguvu za ajabu na kuzitumia kutafuta fedha na umaarufu. Anamwacha mwizi apite ilhali angeweza kumzuia. Baadaye mwizi huyohuyo anamuua Ben. Maneno maarufu yanayofungamanisha uwezo na wajibu yamo katika fremu ya mwisho, nayo ni maneno ya msimulizi. Katika hadithi hii ya mwanzo Ben hayatamki. Kwa hiyo hakuna mzee anayempa kijana wasia. Kijana anafikishwa kwenye maana na kosa lake mwenyewe, na anayeitaja maana hiyo ni sauti iliyo nje ya ulimwengu wake. Marekebisho ya baadaye yaliyomkabidhi Ben maneno hayo yaligeuza ugunduzi ukawa mafunzo.

3.0 Miaka mitatu na miaka kumi na mitatu

Mfululizo wa *The Amazing Spider-Man* ulianza na toleo lenye tarehe ya Machi 1963. Katika miaka yake ya mwanzo umri wa Peter ulifuata kalenda ya wasomaji. Alihitimu sekondari katika toleo la 28 (Septemba 1965) na kuingia chuo kikuu katika toleo la 31 (Desemba 1965).

Mchango wa Ditko katika hatua hii haupaswi kupuuzwa. Katika utaratibu wa kazi wa Marvel, mchoraji aliupanga mwendo wa hadithi kwa picha kabla mwandishi hajatia maneno katika viputo, na kuanzia toleo la 25 Ditko alitajwa rasmi kuwa msukaji wa visa. Toleo la 33 (Februari 1966) ndilo linaloonyesha vizuri zaidi namna picha inavyoweza kusimulia kupevuka. Peter amebanwa chini ya mtambo mzito, na dawa ya kumwokoa May iko mbele yake, mahali asipoweza kuifikia. Anamkumbuka Ben. Kadiri anavyouinua mtambo, fremu nazo zinapanuka, hadi mwili wake unajaza ukurasa mzima. Kisa hicho hakimwongezei hata siku moja ya umri, lakini kijana anayesimama mwishoni si yule aliyelala chini ya chuma.

Ditko aliuacha mfululizo baada ya toleo la 38 (Julai 1966), na nafasi yake ikachukuliwa na John Romita. Kadiri mauzo yalivyokuwa muhimu zaidi, kalenda ya Peter ilipungua kasi. Kijana aliyemaliza sekondari miaka mitatu baada ya kuzuka kwake alikaa chuo kikuu miaka 13 ya uchapishaji: hakufika mwisho wa masomo hayo hadi toleo la 185, la Oktoba 1978, na hata hapo alikwamishwa na somo la mazoezi ya mwili ambalo hakulikamilisha. Rai inayonasibishwa na Lee kwamba wasomaji wapewe sura ya mabadiliko badala ya mabadiliko yenyewe inaufafanua vyema mwendo huu. Wakati haukusimamishwa; ulinyooshwa.

4.0 Gerry Conway na kifo cha Gwen Stacy

Swali lililomkabili kila mtunzi aliyefuata lilikuwa hili: ikiwa Peter hawezi kuongezewa miaka, ataongezewa nini? Jibu la Gerry Conway lilikuwa na athari kubwa kuliko yote. Conway, aliyezaliwa mwaka 1952, aliupokea uandishi wa mfululizo huu mwaka 1972 akiwa na umri wa miaka 19. Aliyekuwa akiandika juu ya mwanafunzi wa chuo kikuu alikuwa na umri wa mwanafunzi wa chuo kikuu.

Katika toleo la 121 (Juni 1973), Gwen Stacy, mpenzi wa Peter, anatupwa kutoka juu ya daraja na Green Goblin. Peter anamdaka kwa utando wake, lakini anapomvuta juu Gwen amekwisha kufa. Kando ya shingo yake kuna neno moja dogo la mlio, mlio wa kitu kinachovunjika. Baadaye safu ya barua za wasomaji ilifafanua kwamba mshtuko wa kusimamishwa ghafla ndio uliomuua. Tofauti na kifo cha Ben ni ya msingi. Ben alikufa kwa sababu Peter hakutenda. Gwen alikufa katika tendo lenyewe la kuokolewa. Funzo la mwaka 1962 lilikuwa kwamba mwenye uwezo ana wajibu. La mwaka 1973 ni chungu zaidi: kuutimiza wajibu hakuhakikishi wema wa matokeo. Kwa maana ya kimaadili, huo ndio mpaka kati ya ujana na utu uzima.

Conway ameeleza kwamba alimwona Mary Jane Watson kuwa mhusika mwenye mvuto zaidi kuliko Gwen, na ukurasa wa mwisho wa toleo la 122 unaonyesha sababu. Mary Jane, ambaye hadi hapo alichorwa kama msichana wa starehe na mizaha, anakuja kumfariji Peter. Peter anamfukuza kwa maneno makali. Mary Jane anafika mlangoni, anasita, kisha anaufunga mlango akiwa angali ndani. Hakuna hotuba. Katika hadithi inayohesabiwa kuwa ya kupevuka kwa Peter, anayeonekana akipevuka mbele ya macho ya msomaji ni Mary Jane.

Mbinu hii ilikuwa na gharama. Gwen, aliyeingia katika mfululizo kupitia toleo lilelile lililompeleka Peter chuo kikuu, aliondolewa ili Peter apate uzito wa kihisia ambao kalenda ilimnyima. Katuni nyingi zilizofuata ziliuiga uamuzi huo bila kuwa na swali la kimaadili lililoupa maana. Mwaka 1999 Gail Simone, aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri wa katuni, alikusanya orodha ya wahusika wa kike waliouawa, kujeruhiwa au kupokonywa nguvu zao katika hadithi za mashujaa. Orodha hiyo ilibainisha kwamba kupevuka kwa shujaa wa kiume kumekuwa kukilipiwa na maisha ya wanawake waliomzunguka. Ukosoaji huo haupaswi kusomwa kama suala la jinsia pekee. Unagusa pia muundo wa wakati. Pale ambapo mhusika mkuu haruhusiwi kukaribia kifo, mwingine hufa kwa niaba yake.

5.0 Ndoa iliyofutwa

Mwaka 1987 Peter na Mary Jane walifunga ndoa. Kwa mtazamo wa Eco, hapo Peter alipiga hatua ambayo Superman alikuwa amezuiwa kuipiga. J. Michael Straczynski, aliyeanza kuuandika mfululizo mwaka 2001, aliongeza nyingine: alimfanya Peter mwalimu katika sekondari aliyosoma. Mwanafunzi aliyeonewa alirudi akiwa upande wa pili wa dawati.

Joe Quesada, aliyekuwa mhariri mkuu wa Marvel kuanzia mwaka 2000 hadi 2011, alishikilia kwamba ndoa ilimzeesha mhusika na kupunguza uwezekano wa visa, na kwamba talaka au ujane vingemzeesha zaidi. Katika hadithi ya *One More Day* (2007), ndoa ilifutwa kwa mapatano na pepo Mephisto, ili May aliyejeruhiwa apone. Straczynski, aliyetajwa kuwa mwandishi, alieleza hadharani kutoridhika kwake na namna hadithi ilivyomalizwa.

Mara nyingi mjadala huu husimuliwa kama ugomvi wa ladha. Uzito wake uko kwingine. Quesada alikuwa na hoja: mhusika anayepokezanwa na vizazi vya wasomaji hawezi kuzeeka na kizazi kimoja. Hata hivyo, njia iliyochaguliwa iliumomonyoa msingi wa mwaka 1962. Mhusika aliyezaliwa kutokana na kosa lisiloweza kutanguliwa alipewa fursa ya kuyatangua maisha yake. Kumzuia kukua ni sharti la kibiashara ambalo watunzi wenzake walilivumilia kwa ustadi. Katika kisa hiki sharti hilo lilifika hadi kwenye upevu wenyewe, na likaurudisha nyuma.

6.0 Brian Michael Bendis na kupokezana ujana

Njia ya tatu ilikwisha anza kujaribiwa wakati huo. Katika *Ultimate Spider-Man*, iliyoanza mwaka 2000, Brian Michael Bendis na mchoraji Mark Bagley walimsimulia Peter upya katika ulimwengu uliojitenga na ule wa awali. Kilichotosha kurasa 11 mwaka 1962 sasa kilichukua matoleo saba. Bendis aliipunguza kasi ya wakati waziwazi, akaujaza kwa mazungumzo ya vijana yenye kusita, kukatizana na kurudiarudia. Badala ya kujifanya miaka inapita, alikiri kwamba haipiti.

Mwaka 2011, Peter huyu, angali kijana wa umri wa sekondari, alikufa katika toleo la 160 akiwalinda jamaa zake. Miezi michache baadaye Bendis na mchoraji Sara Pichelli walimleta Miles Morales wa Brooklyn, mvulana wa miaka 13, mtoto wa baba Mwamerika Mweusi na mama mwenye asili ya Puerto Rico. Hapa kifo kilimfika shujaa mwenyewe, na ujana ukakabidhiwa mwingine. Miles hakulazimika kuurudia ujana wa Peter. Aliurithi wajibu wake akiwa na familia, mtaa na hofu zake mwenyewe. Kwamba Peter huyo alirudishwa hai mwaka 2014 kunathibitisha jinsi mfululizo unavyokuwa mzito kukubali mwisho hata pale mwisho unapokuwa umeshafanya kazi yake.

7.0 Hitimisho

Historia hii inaonyesha kwamba makuzi ya shujaa kijana hayakuwa mpango wa mtunzi mmoja. Yalikuwa matokeo ya mvutano kati ya wakati wa hadithi na wakati wa soko. Ditko alimpevusha Peter kwa picha ya mwili unaosimama, Conway kwa msiba, Straczynski kwa kazi na nyumba, Bendis kwa kuukubali mwisho. Visa vilivyodumu katika kumbukumbu ya wasomaji ni vile ambavyo tendo lilibaki na matokeo yake. Pale tendo lilipotanguliwa, umri wa Peter ulisalimika, lakini kosa lililomfanya awe Spider-Man lilipungua uzito.