Mgongo wa mbwa, kutoka Samburu hadi Diani

Samburu ninayoizungumzia si ile ya Maralal, yenye ngamia na morani. Hii ya kwetu iko Kinango, Kaunti ya Kwale, kwenye barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi. Ukishapita Mariakani na Maji ya Chumvi, kabla hujafika Taru, ndipo hapo. Ni nchi ya Waduruma, nchi ya mbuzi, makaa na mvua za kubahatisha. Anayepita kwa basi huona maduka, malori na mbwa, akadhani mbwa wote hao ni wa kuzurura. Wengi wana wenyewe, ila hawana kamba wala kibanda.

Nataka kueleza jinsi mbwa aliyeumia mgongo alivyokuwa akitendewa katika nchi hii, tangu enzi za wawindaji hadi leo. Jambo lenyewe ni dogo, lakini nimelijua kwa pande zote mbili: nimezaliwa Samburu katika boma la mwindaji, kisha nikafanya kazi za nyumba Diani, ambako nilimuuguza mbwa aliyepasuliwa uti wa mgongo.

Nianze na babu. Yeye alikuwa na mbwa kabla hajawa na ng'ombe. Mbwa walifukuza paa, wakamzonga ngiri, wakamtoa nungu shimoni. Usiku walibweka fisi akikaribia zizi la mbuzi, na mahindi yakianza kukomaa walishinda shambani na watoto kuwafukuza nyani na tumbili. Malipo yao yalikuwa matumbo na damu siku ya nyama, na makombo ya sima siku nyingine zote. Mbwa hodari hakutolewa ovyo. Jirani aliyetaka mtoto wake aliweka ahadi mapema.

Kazi hiyo ilianza kubanwa na serikali ya kikoloni, iliyomwita mwindaji mwenyeji jangili huku ikimuuzia mgeni leseni ya kuua tembo. Tsavo ikawa hifadhi mwaka 1948. Mwaka 1977 Kenya huru ikapiga marufuku uwindaji wote. Mbwa wa kwetu akabaki na ulinzi tu, na babu akabaki na hadithi.

Katika hadithi hizo ndimo nilimosikia habari za mgongo. Ngiri akikosa njia ya kukimbilia hugeuka, na mbwa aliye karibu hurushwa juu. Akianguka vibaya, huinuka kwa miguu ya mbele peke yake, ya nyuma ikiburutika. Babu alimbeba mbwa huyo juu ya ngozi iliyotandazwa, si mabegani, kisha akamfinya kidole cha mguu wa nyuma, katikati ya kucha. Mbwa akigeuza kichwa na kulia, babu alifurahi. Alimlaza chini ya uchaga wa mahindi, akamzungushia fito ili asipate nafasi ya kutembea, akaagiza apewe maji na uji hapo hapo mpaka mwezi uandame tena. Mbwa asipogeuka, asipolia, babu alichukua rungu akaenda naye porini, na jioni hakuna aliyemuuliza kitu.

Nilipokuja kuonyeshwa na daktari wa wanyama jinsi mbwa wa mgongo anavyopimwa, alifanya vile vile, kidole kile kile, ila yeye alitumia koleo. Mbwa anayehisi maumivu ya ndani ana matumaini makubwa: wengi mno hutembea tena baada ya upasuaji. Asiyehisi kitu, hata akipasuliwa upesi, nafasi yake ni karibu nusu kwa nusu. Tofauti ya babu na daktari haikuwa katika kupima. Ilikuwa katika kile ambacho kila mmoja aliweza kufanya baada ya jibu.

Na kwa muda mrefu hata Ulaya haikuweza zaidi ya babu. Mbwa aliyelemaa nyuma alifungiwa kwenye kisanduku apumzike, au aliuawa. Mambo yalibadilika miaka ya 1950, wataalamu wa Sweden walipochunguza mito laini iliyo kati ya pingili za uti wa mgongo, ile tunayoiita diski. Sven-Erik Olsson aliandika kuhusu upasuaji wake mwaka 1951. Mwaka uliofuata Hans-Jörgen Hansen alionyesha kwamba diski huharibika kwa njia mbili. Kwa mbwa wazee wa kawaida huvimba polepole. Kwa mbwa wa miguu mifupi hukauka na kuwa ngumu mapema mno, pengine mbwa hajamaliza mwaka mmoja, na siku moja hupasuka na kutema uchafu wake juu ya uti. Tangu hapo madaktari wakawa wanafungua dirisha dogo ubavuni mwa pingili na kuutoa uchafu huo.

Huku kwetu serikali nayo ilikuwa imeanza kumwangalia mbwa, lakini kwa jicho la hofu. Maabara ya mifugo ya Kabete ilianzishwa 1910, shabaha yake ikiwa ng'ombe, kwa sababu sotoka ya miaka ya 1890 ilikuwa imeangamiza ng'ombe wengi Afrika Mashariki nzima. Mbwa aliingia katika daftari za serikali mwaka 1912, kichaa cha mbwa kilipothibitishwa nchini kwa mara ya kwanza, katika mbwa wa viungani mwa Nairobi. Baadaye ikaja Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365, yenye amri za kufunga, kuchanja na kuua. Kwa hiyo afisa wa mifugo aliyefika Samburu alikuja na mambo mawili: chanjo ya ng'ombe, na bunduki au sumu ya mbwa wasiofungwa. Hakuna aliyemtarajia aulize habari za mgongo.

Sitaki kumlaumu. Kichaa bado kinaua watu Kenya, hasa watoto, na njia yake kubwa ni jino la mbwa. Serikali yenyewe imejiwekea lengo la kukitokomeza kufikia 2030. Ninachosema ni kwamba tiba ya mbwa iliingia nchi hii ili kumkinga binadamu, na mbwa mwenyewe alipata lake baadaye sana, tena kwa mlango mwingine.

Mlango huo ulikuwa Diani. Kuanzia miaka ya 1970 hoteli zilijipanga ufuoni, Wajerumani na Waswisi wakaja kwa ndege za kukodi, na waliopapenda wakajenga nyumba na kukaa. Walileta mbwa wao, au waliagiza wa aina ya kwao. Mmojawapo ni yule mrefu wa kiwiliwili na mfupi wa miguu, ambaye watu wa Ukunda humcheka anapopita. Mimi nilimheshimu nilipojua asili yake. Wajerumani walimzalisha hivyo makusudi ili aingie mashimoni kuwinda. Ni mwindaji kama mbwa wa babu, ila miguu ile ile inayomsaidia shimoni ndiyo inayokuja na diski mbovu. Karibu mmoja kati ya watano wa uzao huo hupata shida ya mgongo katika maisha yake, na mwaka 2017 watafiti waliipata chembe ya urithi inayohusika.

Mbwa wa nyumba niliyofanyia kazi, naye wa uzao huo, alilia asubuhi akishuka kitini, na kufikia adhuhuri miguu ya nyuma ilikuwa imekufa. Pwani ya kusini hapakuwa na wa kumpasua. Tajiri wangu alimpakia garini, akavuka feri ya Likoni, akashika njia ya Nairobi. Njia hiyo hupita Samburu. Mbwa mgonjwa alipita akiwa amelazwa juu ya ubao na blanketi, mbele ya mbwa wa kwetu waliolala kivulini mwa malori. Gharama ya safari ile ingenunua ng'ombe kadhaa, na nilipowasimulia nyumbani, shangazi aliuliza kama huyo mbwa anajua kusoma.

Aliporudi, kazi ikawa yangu. Upasuaji humalizika kwa saa chache. Uuguzi huchukua wiki nne hadi sita za kumzuia mbwa asiruke, asipande, asikimbie, na ziada ya hapo ikiwa miguu haijarudi. Tulimwekea kizimba sebuleni, pana kiasi cha kugeuka na si zaidi. Nilikitazama nikaukumbuka uchaga.

Kubwa kuliko yote ni mkojo. Mbwa aliyelemaa nyuma mara nyingi hawezi kukojoa mwenyewe. Kibofu kikijaa na kukaa hivyo hulegea, na mkojo uliolala huleta maradhi. Basi mara tatu au nne kwa siku ilinibidi nimkamue. Unamsimamisha, unapitisha viganja pande zote mbili za tumbo, mbele kidogo ya mapaja, unatafuta kitu laini cha ukubwa wa chungwa. Ukikipata hukibinyi ghafla. Unakaza polepole, unasukuma kuelekea nyuma, unashikilia. Mwanzo hakuna kitu, tumbo gumu kwa woga. Kisha mbwa anashusha pumzi, tumbo linalegea, mkojo unatoka mfululizo. Ukikatika, unapapasa tena kuhakikisha hakuna kilichobaki.

Jingine ni leso. Kliniki ilitoa mkanda wa kumnyanyulia, lakini ulimchubua. Nilichukua leso kuukuu, nikaikunja mara nne kwa urefu, nikaipitisha chini ya tumbo mbele ya mapaja, nikashika ncha zote mbili juu ya mgongo. Hapo miguu ya mbele hutembea na ya nyuma hugusa chini bila kubeba uzito, na mgongo haupindi. Nilimgeuza ubavu kila baada ya saa chache asitoke vidonda, nikamkunja na kumkunjua viungo taratibu, nikamkausha kila alipolowa.

Mwenzangu wa jikoni, Mdigo wa Msambweni, hakuweza kunipokea kazi hiyo kirahisi. Kwa mafundisho ya Kishafii aliyokulia nayo, mate na unyevu wa mbwa ni najisi nzito: huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hakunigombeza wala hakukataa. Alikuja na ndoo ya mchanga safi, akaiweka kando ya bomba la nje, akavaa glavu na kushika upande wa pili wa leso. Alinikumbusha hadithi ya mtu aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha mbwa aliyekuwa na kiu. Dini, alisema, imekataza uchafu wake, haijakataza huruma. Watu wanaosema Pwani inamchukia mbwa wangekaa na yule dada pale bombani.

Miguu ilirudi, kwanza mkia, kisha kidole, kisha hatua za kilevi. Daktari alisifiwa, na haki yake. Lakini historia ya tiba hii huandikwa kwa majina ya waliopasua, ilhali kazi yenyewe, huku Pwani, imefanywa na vijakazi, watunza bustani na mabawabu waliotoka Kinango, Lunga Lunga na Msambweni. Haimo katika mkataba wa mtu yeyote. Waulize wanawake wa Ukunda waliofanya kazi za nyumba, utakuta zaidi ya mmoja anayejua kukamua kibofu.

Nimerudi Samburu sasa. Uwindaji umekwisha, ila migongo huvunjika kuliko zamani, maana mwenye kuivunja siku hizi ni lori. Watu huniita. Huwaambia wafunge mdomo wa mbwa kwa kitambaa kabla ya kumgusa, kwa sababu mwenye maumivu huuma hata mwenyewe, na kama hajachanjwa wachukue tahadhari maradufu. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi robo saa nzima, kisha akimbilie hospitali. Mbwa wambebe juu ya ubao. Wasimpe kamwe vidonge vya dukani vya binadamu, diklofenaki au ibuprofeni, kwa kuwa humtoboa tumbo na kuua figo. Kisha namfinya kidole.

Akilia, tunamzungushia fito, nami namfundisha mtoto mkubwa wa boma kukamua na kushika leso. Upasuaji hatuna, na wengine hupona bila huo. Asipolia, namtafuta afisa wa mifugo wa kaunti aje na sindano, ili rungu lipumzike. Kama kaunti inataka kutumia shilingi moja kwa mbwa wa Kinango, iitumie kwanza kwenye chanjo, na ya pili kwenye sindano hiyo. Uuguzi wenyewe tunao, tangu enzi za babu.