Kuzaa Kimya

Jino likiuma, hayo ni maumivu. Mguu ukivunjika, maumivu. Lakini mwanamke anapokaribia kujifungua hatusemi ameshikwa na maumivu, tunasema ameshikwa na uchungu. Neno ni lilelile la mwarobaini ulimini, la msiba, la mtu mwenye uchungu na nchi yake. Maumivu yanatafutiwa dawa. Uchungu unatafutiwa moyo. Hata methali, uchungu wa mwana aujuaye mzazi, haituambii kama mzazi huyo aliwahi kupewa chochote cha kumpunguzia. Inatuambia tu kwamba anajua.

Naandika tasnifu ya shahada ya umahiri juu ya historia ya uzazi Marambo, yaani huku kwetu Nachingwea na Ruangwa. Kinachonisumbua ni kwamba katika karatasi zote nilizosoma mpaka sasa, uchungu haumo. Waliozaliwa wamo, waliokufa wamo, vitanda vimo, hata idadi ya ndoo imo. Mwanamke anatokea kama hesabu, na akishazaa anatoweka. Kwa hiyo nilianza kuuliza watu, na wa kwanza alikuwa bibi yangu mzaa mama, aliyezaa mara nane, sita kati ya hizo nyumbani.

Bibi hasimulii kwa mpangilio ninaoutaka mimi. Anaanza na uji. Aliyekuwa na uchungu alipewa uji mwepesi, akatembezwa uani, akakandwa kiuno. Alipofika mwisho alichuchumaa, na mwanamke mmoja, mara nyingi aliyemfunda yeye mwenyewe unyagoni, alikaa nyuma yake akamshika kifuani, ili mgongo upate pa kuegemea. Mkunga alikaa mbele. Na sauti je? Hapo bibi hucheka. Sauti haikuwapo. Uliuma ncha ya kanga. Aliyepiga kelele alitajwa kisimani mwaka mzima.

Ukimya huo ulifundishwa. Watu wa kusini, Wamwera, Wamakua, Wamakonde, Wayao, walikuwa na madarasa yao kabla ya shule, na unyago ni moja tu. Wayao walikuwa pia na litiwo, sherehe ya mimba ya kwanza, ambapo mwanamke alipelekwa tena mbele ya wakubwa kufundishwa yaliyobaki. Wasomi wengi wa jando na unyago wameandika sana juu ya ngoma, mavazi na matusi ya nyimbo. Mimi naona tumepuuza jambo la kawaida kabisa: kwamba msichana aliingia kwenye uzazi wa kwanza akiwa ameshaambiwa utafanana na nini, tena na mtu ambaye angekuwa naye chumbani siku yenyewe.

Lakini nisiupambe ule wakati. Sehemu nyingi za kusini uchungu ulipochelewa ulikuwa na tafsiri yake: mwanamke ametoka nje ya ndoa, basi amtaje mwanamume. Fikiria. Saa ya ishirini, mtoto amekwama kwa sababu nyonga ni nyembamba au amelala vibaya, na wanaokushika mikono wanakuuliza jina. Wapo waliotaja jina lolote ili maswali yaishe. Bibi anamjua mmoja aliyetaja, na mtoto hakutoka, na yeye mwenyewe hakuuona usiku. Zilikuwapo pia dawa za mizizi za kuharakisha uchungu, na baadhi ya dawa za aina hiyo zina nguvu ya kweli, kiasi cha kuweza kupasua mji wa mimba.

Wakati huohuo, mbali na hapa, watu waliokuwa hawajawahi kukaa nyuma ya mwanamke yeyote wa Marambo walikuwa wakiandika kwamba haumwi.

Hadithi ya Mwafrika anayezaa porini bila maumivu ina umri mrefu, na imefanya kazi nyingi chafu. Katika miaka ya 1840 huko Alabama, Marekani, daktari J. Marion Sims aliwapasua wanawake watumwa tena na tena, akitafuta njia ya kutibu fistula, bila kuwapa dawa ya usingizi. Majina ya watatu kati yao yamebaki: Anarcha, Betsey na Lucy. Fistula yenyewe hutokana na uchungu uliokwama siku nyingi. Mwaka 2016 watafiti wa Virginia waliwauliza wanafunzi wa udaktari na madaktari wachanga wazungu maswali kuhusu miili ya watu weusi, na nusu yao waliamini angalau jambo moja la uongo, kwa mfano kwamba ngozi yetu ni nene zaidi. Walioamini walielekea kuyapima maumivu ya mgonjwa mweusi kuwa madogo.

Ilikuwa na sura ya upole pia. Daktari Mwingereza Grantly Dick-Read alichapisha mwaka 1933 hoja kwamba maumivu mengi ya kuzaa yanaletwa na hofu: hofu inakaza misuli, misuli iliyokaza inauma, kuuma kunaongeza hofu. Kwa mifano yake alimtaja sana mwanamke wa jamii aliyoiita ya kale, asiyeharibiwa na ustaarabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alisafiri Afrika kwa gari pamoja na familia yake kumtafuta mwanamke huyo. Nusu ya hoja yake ni kweli. Homoni za hofu zinaweza kupunguza nguvu ya uchungu na kuurefusha, na mwanamke aliyeandaliwa huhimili vizuri kuliko aliyeshtukizwa. Ila aliposikia ukimya alidhani amesikia utulivu. Hakuijua ncha ya kanga.

Mwili wenyewe hauna kabila. Mji wa mimba ni msuli, na unapojikunja mlango wake unavutwa mpaka ufunguke sentimita kumi. Mishipa ya fahamu hupeleka habari hiyo kwenye uti wa mgongo, sehemu ya chini ya mgongo, ndiyo maana kiuno ndicho kinacholia kwanza. Baadaye kichwa cha mtoto kinapokaza njia, mishipa mingine ya chini zaidi inaingia kazini. Ronald Melzack wa Kanada, aliyetunga pamoja na Patrick Wall mwaka 1965 nadharia ya kwamba uti wa mgongo una kitu kama lango linaloweza kupunguza habari za maumivu kabla hazijafika kwenye ubongo, alipima baadaye uchungu wa kuzaa. Aliukuta miongoni mwa maumivu makali kabisa aliyowahi kupima, na aliukuta ukitofautiana mno kati ya mama na mama. Nadharia ya lango husaidia kueleza pia kwa nini kukanda kiuno kunasaidia: mkono unatuma habari yake, na lango halipitishi zote.

Na hawakungoja wazungu kuja kupunguza. Mwaka 1879 Robert Felkin, Mwingereza aliyekuwa safarini, alishuhudia Bunyoro mwanamke akipasuliwa kutoa mtoto. Kabla ya kisu alinyweshwa pombe ya ndizi mpaka akawa nusu amelewa, na pombe hiyohiyo ikaoshea mikono ya mganga na tumbo la mama. Siku ya kumi na moja kidonda kilikuwa kimefunga. Felkin aliichapisha habari hiyo Edinburgh mwaka 1884, mji uleule ambako James Young Simpson alianza kuwapa wazazi klorofomu mwaka 1847.

Simpson alijiandaa kwa vita na makanisa, akaandika kijitabu akibishana juu ya neno la Kiebrania katika Mwanzo, ambalo yeye alisema lina maana ya kazi ngumu, si maumivu. (Biblia yetu ya Union Version hapo imeweka utungu, umbo la pwani la neno letu, na mabishano yake kwa Kiswahili yangekuwa marefu zaidi.) Wanahistoria waliochunguza baadaye wamekuta upinzani wa makanisa ulikuwa mdogo kuliko alivyotarajia. Mwaka 1853 Malkia Victoria alivuta klorofomu akimzaa Leopold, na tangu hapo wenye uwezo Uingereza waliweza kuiomba bila aibu.

Marambo dawa ya usingizi ilikuja kwa njia ya upasuaji, na ikabaki huko. Tuna neno lake zuri, nusu kaputi, ambalo wengi husikia ndani yake Kijerumani cha watawala wa kwanza. Mwaka 1949 daktari Leader Stirling, aliyekuwa amefanya kazi upande wa Masasi tangu 1935, alihamia misheni ya Wabenediktini ya Mnero, Nachingwea. Mwaka huo huku kwetu ndio uliojaa matrekta ya mradi wa karanga na reli yake, na historia nyingi za Nachingwea zinaishia kwenye karanga hizo. Karanga zilishindwa, reli ikang'olewa, hospitali ya Mnero ikabaki. Stirling baadaye alikuwa Waziri wa Afya wa Tanzania, 1975 hadi 1980. Bibi alimzaa mjomba wangu wa nne hospitali, baada ya siku mbili za kukwama nyumbani, na hata leo hamruhusu mtu aseme vibaya juu ya kisu. Nusu kaputi ilimwokoa. Lakini ilikuwa ya kisu. Aliyezaa kawaida alizaa kama kawaida.

Kisha vikaja vijiji vya ujamaa, zahanati, kliniki, na maneno mapya: leba, njia imefunguka ngapi, sukuma. Nchini kote safari hiyo imeokoa watu. Kwa takwimu za kitaifa, waliojifungulia kwenye vituo vya afya walikuwa asilimia 63 katika utafiti wa 2015-16, na asilimia 81 mwaka 2022. Vifo vya uzazi vilishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Sitaki mtu yeyote anisome akadhani nawaita dada zangu warudi kuchuchumaa uani. Bibi mwenyewe hataki.

Ila kuna kilichoachwa mlangoni, nacho ni yule mwanamke wa nyuma. Leba nyingi ni chumba kimoja, vitanda kadhaa, pazia likiwapo ni bahati. Ndugu anabaki nje na beseni na kanga. Kilichopita mlango bila kusimamishwa ni ukimya. Dada yangu alipojifungua mara ya kwanza, kwenye kituo kimoja nisichokitaja, alilia, na muuguzi aliyekuwa peke yake na wazazi watano akamuuliza kama alilia hivyo wakati wa kuitafuta mimba. Sentensi hiyo naijua. Karibu kila mwanamke niliyemhoji anaijua. Kungwi alisema nyamaza, kisha akakushika. Huyu alisema nyamaza, akaenda kitanda kingine, kwa sababu kitanda kingine kilikuwa kinamwita kweli.

Dawa zipo. Pethidini imekuwapo duniani tangu 1939, na sindano ya mgongo ya kuondoa uchungu wa kawaida hupatikana kwenye hospitali chache, nyingi za kulipia, mijini. Kwa mwanamke wa Ruangwa ni kama habari za ndege.

Mwaka 1972 madaktari Philpott na Castle, wakifanya kazi Harare ya leo, walichapisha chati yenye mistari miwili ya kuwasaidia wakunga wa vituo vya mbali kujua mapema kwamba uzazi umechelewa. Ndiyo patografu. Imezunguka dunia, na imeondoa lile swali la jina la mwanamume kwa kuweka badala yake sentimita na saa. Naipenda karatasi hiyo kuliko nyaraka nyingine zote za tasnifu yangu. Mapigo ya moyo ya mtoto yamo, shinikizo la damu limo, mkojo umo. Mama anajisikiaje, haimo. Ilipofika 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa chati mpya, na ndani yake mna safu ambazo hazikuwapo: je, ana mwenza wa kumsindikiza, je, amepewa cha kupunguza maumivu. Majibu ya hiyo ya pili ni herufi tatu tu, kwa ndiyo, hapana, na mama amekataa.

Mwenza si pambo. Utafiti wa Guatemala uliochapishwa 1980 ulikuta wazazi waliokaa na mwanamke wa kuwafariji, asiye hata ndugu, walijifungua baada ya wastani wa saa 8.8 tangu kulazwa, wengine saa 19.3. Hapa kwetu shirika la Thamini Uhai lilijaribu mpango wa wenza katika vituo vya Kigoma kati ya 2016 na 2018, na wanawake waliridhika zaidi na huduma. Hakuna mashine iliyohitajika. Walihitaji pazia, kiti, na uongozi wa kituo uliokubali.

Dada atajifungua tena Januari. Familia imeamua bibi aende naye, na kituo cha safari hii kimesema ataruhusiwa kuingia kama leba haijajaa. Bibi ameshaulizia upana wa kitanda, kwa sababu anataka kukaa nyuma. Nilimwonyesha ile chati mpya kwenye simu, nikamsomea herufi tatu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza ile ya tatu, ya mama amekataa, huwa wanaiandika baada ya kumuuliza, au wakimwona tu amenyamaza.