Maumivu Yako Hapa, Kosa Liko Kule

Wasomaji wangu, hasa nyinyi mnaotafuta riziki mbele ya tarakilishi, leo tuweke programu kando tuzungumzie mgongo, shingo na kichwa. Sijageuka daktari. Ila kila anayeandika programu anajua jambo moja: ujumbe wa kosa unaweza kutokea mstari wa 200, kumbe kosa lenyewe liko mstari wa 40. Waliochunguza maumivu ya mwili walijifunza somo hilo hilo, na liliwachukua karibu miaka 300.

Tuanzie Italia. Mwaka 1700 daktari Bernardino Ramazzini alichapisha kitabu cha Kilatini kuhusu magonjwa ya wafanyakazi. Katika toleo la 1713 akawaongeza makarani. Alitaja mambo matatu yanayowaumiza: kukaa kutwa nzima, mkono kurudia mwendo mmoja bila kupumzika, na akili kubanwa na hofu ya kuharibu hesabu za tajiri. Ondoa kalamu, weka kibodi, utadhani anatuandikia sisi! Anasimulia habari za karani mmoja ambaye mkono wa kulia ulichoka hadi ukapooza. Maskini akajifunza kuandika kwa wa kushoto, nao haukukawia kushikwa na ugonjwa ule ule.

Ramazzini aliona dalili kwa nje tu. Kuchungulia ndani ya mwili wa mtu aliye hai kulingoja karne za baadaye. Kati ya pingili na pingili za uti wa mgongo kuna diski, kitu kama kijimto cha gegedu. Katika miaka ya 1960 Alf Nachemson, daktari wa mifupa kutoka Sweden, alipima shinikizo la diski za watu walio hai kwa kutumia sindano. Matokeo yake: kukaa kunaibana diski kuliko kusimama. Vipimo hivyo vilinukuliwa kwa miongo mingi kila mtu alipoambiwa akae wima kama askari wa gwaride.

Halafu mwaka 1999 Hans-Joachim Wilke na wenzake, huko Ulm, Ujerumani, wakatoa vipimo vipya. Waliweka kihisio kidogo ndani ya diski ya mtu mmoja aliyejitolea, wakampima kwa takriban saa 24 akiendelea na shughuli zake. Akisimama, shinikizo lilikuwa megapaskali 0.5. Akikaa bila kuegemea, 0.46. Akijiachia kitini mgongo umeegemea, lilishuka hadi karibu 0.3. Akiinua kilo 20 huku mgongo umepinda, likaruka hadi 2.3. Ni kweli, mtu mmoja si ushahidi wa kutosha kufunga mjadala. Lakini yale mahubiri kwamba kujilegeza kitini ni dhambi yalipata pigo.

Picha za MRI nazo zilileta fumbo lao. Mwaka 1994 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha uchunguzi wa watu 98 wasio na maumivu yoyote ya mgongo. Asilimia 52 walikuwa na angalau diski moja iliyotokeza nje ya nafasi yake. Ni asilimia 36 tu waliokuwa na diski zote za kawaida. Yaani kasoro ipo, maumivu hayapo!

Jambo hili si la vitabuni tu. Mwenzangu mmoja wa kazini aliwahi kurudi na picha yake mkononi, uso umemparama, akiamini maisha yake ya kukaa kwenye kiti yamekwisha. Alikuwa amesoma neno moja tu kwenye ripoti. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba watu wengi wanaotembea mjini bila shida wangepigwa picha kama hiyo, wangeonekana vivyo hivyo.

Sasa tupande kichwani. Mwaka 1940, New York, Bronson Ray na Harold Wolff walichapisha habari za wagonjwa 30 waliofanyiwa upasuaji wa kichwa wakiwa macho. Waligusa sehemu moja baada ya nyingine, wakauliza, "Hapa panauma?" Nyama yenyewe ya ubongo haikuuma. Vilivyouma ni mishipa mikubwa ya damu na baadhi ya sehemu za utando unaoufunika ubongo. Hisia nyingi za huko hubebwa na neva iitwayo trijemina, ambayo pia huhudumia uso.

Hapa ndipo shingo na kichwa vinapokutana. Nyuzi za trijemina hushuka hadi sehemu ya juu ya uti wa mgongo, na kuishia pale pale zinapoingia neva tatu za juu za shingo. Ni kama nyaya mbili zilizochomekwa kwenye tundu moja: ubongo hauwezi kujua kwa hakika ishara imetoka wapi. Kwa hiyo shingo yenye hitilafu inaweza kuuma kwenye paji la uso, na mwenye kipandauso akahisi shingo imekaza. Mtu hubadilisha viti vitatu, kumbe ugonjwa ni kipandauso.

Gharama ya kutojua hilo ni miaka ya mateso, maana kipandauso kina tiba. Mwaka 1990 Peter Goadsby na Lars Edvinsson walionyesha kwamba kipandauso kikishika, molekuli iitwayo CGRP huongezeka katika damu inayotoka kichwani. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha erenumab, dawa ya kwanza ya kingamwili inayozuia kazi ya molekuli hiyo. Haimfai kila mgonjwa, lakini ilitokana na kuufuata waya hadi mwisho wake.

Basi, ndugu msomaji, usikihukumu kiti kabla ya kesi kusikizwa. Badilisha mkao mara kwa mara. Kichwa kikikurudia kila mwezi pamoja na kichefuchefu na kuchukia mwanga, mweleze daktari yote hayo, usitaje shingo peke yake. Na kichwa kikipasuka ghafla kuliko siku zote, au miguu ikafa ganzi na mkojo ukagoma, usingoje kesho, kimbia hospitali.

Haya, umesoma vya kutosha. Simama kidogo.